Asistanti wa mwanasaikolojia kwenye mambo ya gereza na mahakama, Lubumbashi: namna ya kufanya hii kazi bila kupoteza maneno ya mtu

Mwezi wangu wa kwanza kwenye hii kazi niliandika sentensi moja ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani. Papa mmoja aliyekuwa mahabusu aliniambia "baba yangu anisemeshaka mu bushiku" (ananisemesha usiku), na mimi na diploma yangu mpya nikaandika kwa Kifaransa kwamba anasikia sauti ambazo hazipo. Mwanasaikolojia aliyekuwa ananisimamia akasoma, akaniuliza maswali matatu tu: huyo baba yuko hai ao alikufa, anamsikia akiwa macho ao akiwa usingizini, na anamwambia nini. Sikuwa nimeuliza hata moja. Tukarudi kumuona, kumbe baba yake alikufa zamani, anamuota, anamwambia avumilie sababu watoto bado wanamngoja, na hiyo ndoto ndiyo inampa nguvu ya kuamka asubuhi. Hakuna ugonjwa hapo. Lakini kama karatasi yangu ingefika kwa magistra (mwendesha mashtaka) vile ilivyokuwa, yule papa angeingia kwenye dosye (faili la kesi) kama mtu mwenye wazimu, na kutoka humo ni kazi.

Kwa hiyo haya naandika kwa wadogo zangu wanaomaliza saikolojia UNILU (chuo kikuu cha Lubumbashi) ao kwingine na wanatafuta pa kuanzia, na kwa wale wameshaingia kama asistanti lakini hakuna mtu aliyekaa nao akawaelezea. Shuleni tunasoma Freud, tunasoma takwimu, tunapita mitihani, ila namna ya kukaa mbele ya mtu mwenye ameua, ao mbele ya mama mwenye amebakwa na anaenda kuhojiwa mara ya tatu, hiyo unaipata kazini tu. Mambo yangu ni ya Lubumbashi, lakini mtu wa Likasi, Kolwezi hata Bukavu ataona yanamgusa.

Kazi yenyewe iko wapi

Ukitafuta kwenye intaneti utakuta sana sana mambo ya Uingereza. Kule asistanti anaajiriwa kwenye hospitali zenye milango ya kufungwa, kama Broadmoor iliyofunguliwa 1863, anaona mgonjwa yuleyule miezi hata miaka, na wengi wanafanya hiyo kazi huku wanangoja nafasi ya kusomea doktora ya saikolojia. Hapa kwetu kazi imetawanyika. Leo uko gerezani Kasapa, kesho uko parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, na karatasi mkononi, siku nyingine uko kwenye sentre ya Joseph Guislain, ile ya mabruda wa Frères de la Charité, unafuatilia mgonjwa. (Guislain alikuwa daktari wa akili wa Ubelgiji, karne ya 19, alifanya kazi Gent pamoja na hao mabruda, ndiyo maana jina lake utalikuta mpaka huku.)

Jina la cheo nalo linabadilika kila mahali. Kwenye ONG (shirika lisilo la serikali) utaitwa APS (mtu wa msaada wa kisaikolojia na kijamii), kwenye hospitali utaitwa stajieri hata kama umekaa pale miaka miwili, kwingine utaitwa tu "yule wa psiko". Usipigane na jina. Angalia kwenye kontra wameandika unafanya nini na nani anakusimamia. Kama hakuna mwanasaikolojia anayekusimamia, usianze. Kwenye ONG moja nilikopita, msimamizi wangu alisafiri miezi miwili na mkubwa wa ofisi akataka mimi nisaini raporo badala yake ili pesa za mradi zisichelewe, nikakataa, na primu yangu ya huo mwezi sikuiona. Iliniuma, nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa, lakini saini kwenye raporo inayoenda kwa hakimu ni ya mtu mwenye anaweza kusimama mbele ya tribunali akaulizwa "umejuaje?" na akajibu. Asistanti anakusanya, anaangalia, anaandika, anapima pale alipoagizwa kupima. Kutoa jina la ugonjwa na kusaini si kazi yako, na hiyo si kukudharau, ni kukulinda wewe na yule mtu.

Kuhusu kuingia: staji ndiyo mlango. Andika barua mapema, bakisha kopi yenye muhuri wa mapokezi, na kama una memwari ya kuandika chagua mada inayogusa gereza ao mahakama, sababu utajifunza kuomba otorizasyo, utajulikana na watu wa grefe (ofisi ya karani), na siku nafasi ikitoka jina lako halitakuwa geni.

Nani amekutuma?

Hili swali ulijibu kabla ya kumuona mtu, kila mara. Kuna mambo mawili yanayofanana kwa macho lakini hayafanani kabisa. La kwanza ni pale magistra ao hakimu ametoa rekizisyo, yaani ile karatasi inayoagiza uchunguzi. Hapo mwanasaikolojia ni eksperi, anakula kiapo kwamba atafanya kazi na kutoa raporo kwa heshima na dhamiri, na anajibu maswali yaliyoandikwa kwenye ile karatasi, si mengine. La pili ni matunzo: mtu anaumwa, halali, analia, na wewe na mkubwa wako mnamsaidia. Mtu mmoja asifanyiwe yote mawili na timu ileile. Kama wiki iliyopita ulimfariji na akakuelezea siri za nyumbani kwake, leo usirudi na rekizisyo mkononi. Mwambie mkubwa wako, atafutwe mwingine.

Soma rekizisyo mpaka mwisho. Kuuliza kama mtu anaweza kufuata kesi yake leo si sawa na kuuliza kama alikuwa na akili zake siku ile ya tendo. Ya pili inakurudisha nyuma, inataka mashahidi, familia, karatasi za hospitali za zamani. Nimeona asistanti wakiandika kurasa nzima kuhusu hali ya leo wakati swali lilikuwa la miezi minane nyuma.

Sasa salamu. Jieleze kwa maneno ya kawaida, ya mtaani, si ya chuo. Mimi nasema hivi: "Papa, mi naitwa fulani, niko asistanti wa mwanasaikolojia. Ni parke ndiyo imetutuma. Bile utaniambia tutabiandika, na juge atabisoma. Swali yenye hautaki kujibu, uniambie tu sitaki, hakuna mubaya." Kisha namuomba anirudishie kwa maneno yake, "umesikia namna gani?", na mara nyingi ndipo unagundua anafikiri wewe ni avoka (wakili), ao umekuja kumtoa. Rekebisha hapohapo. Ukimuacha aamini umekuja kumtoa atakuambia yale anayodhani yatamtoa.

Kuhusu siri: artikle 73 ya kitabu cha pili cha kode penale (sheria ya makosa ya jinai) inaadhibu mtu anayetoa nje siri aliyopewa kwa sababu ya kazi yake, isipokuwa akiitwa kutoa ushahidi mahakamani ao sheria yenyewe ikimlazimisha. Kwa hiyo usiahidi "hii itabaki kati yetu". Sema ukweli: nitamwambia mkubwa wangu, na kama nasikia unataka kujiua ao kuua mtu siwezi kunyamaza. Na yale maswali ya korido, magistra anakupita anauliza "ivi, yule ni kichaa kweli?", jibu ni moja tu, kwa heshima: "raporo itakuja, mkubwa."

Ndani

Simu inabaki mlangoni. Nguo za kawaida, hakuna mkufu, hakuna kitambaa cha kujifunga shingoni. Daftari moja, kalamu mbili. Usibebe barua ya mtu, usibebe pesa, usibebe hata sabuni, kwa sababu leo ni sabuni kesho ni simu, na wengine wataona kuna mtu wako. Akikuomba upigie familia yake, usijibu hapana kavu, mwambie ombi lake utalipeleka kwa asistanti sosiali na ulipeleke kweli siku hiyo hiyo, maana wafungwa wanahesabu ahadi kuliko sisi.

Omba mahali ambapo mlinzi anaona lakini hasikii. Utaambiwa hakuna. Ulizia kapela, ulizia dispansari, ulizia kivuli cha mwembe, nimeshafanya mahojiano mazuri chini ya mti. Kile usikubali ni kapita, yule mfungwa mkubwa wa wenzake, kusimama pembeni anasikiliza. Mtu hataongea mbele yake, na akiongea huenda ataumia usiku. Ikishindikana kabisa, fanya mazungumzo ya salamu tu, andika kwamba hakukuwa na faragha, rudi siku nyingine. Wewe kaa karibu na mlango bila kumfungia yeye njia, mtu mwenye hofu akiona amezibwa anaweza kukurukia hata kama hakuwa na ubaya.

Mwanzo usiulize tendo. Uliza anakula nini, nani anamletea chakula, analala wapi, tangu lini yuko ndani, ameshaona avoka, mara ya mwisho kupanda tribunali ilikuwa lini. Watu wengi gerezani wanaishi na chakula cha familia, asiye na familia mjini yuko na njaa, na njaa inafanana sana na huzuni: hana nguvu, hataki kuongea, halali, anakonda. Ukiruka hapo utaandika huzuni nzito kwa mtu anayehitaji bukari (ugali).

Mwili kwanza, mashetani baadaye

Hapa nataka nikae kidogo, sababu hapa watu wanakufa. Mtu anayeanza kuongea ovyo ghafla si lazima awe na ugonjwa wa akili. Malaria ikipanda kichwani inafanya hivyo. Kifafa kinafanya hivyo, kabla na baada ya kuanguka. Virusi vya ukimwi, kifua kikuu kikifika kwenye ubongo, kaswende ya muda mrefu, sukari kushuka, kipigo cha kichwa siku ya kukamatwa. Muulize kama alipigwa, muombe aguse mahali.

Na lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Mtu alikuwa anakunywa lutuku kila siku, miaka, akakamatwa Jumatatu. Jumanne anatetemeka mikono, anatoka jasho. Jumatano ao Alhamisi anaona wadudu ukutani, anaita watu ambao hawako, anapigana na hewa. Wenzake wanasema ni bulozi (uchawi), walinzi wanasema anajifanya ili atoke, na asistanti asiyejua anaandika "anaona vitu". Huyo ni mwili unaodai pombe, siku ya pili mpaka ya nne ndiyo hatari zaidi, na bila daktari anaweza kufa. Kazi yako ni kukimbia kwa infirmie (muuguzi), sasa hivi, mahojiano yamekwisha. Ndiyo maana mimi kila mtu mpya namuuliza: ulikuwa unakunywa nini, kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jambo lingine ni dawa. Haloperidoli, dawa ya kutuliza wazimu, inatolewa sana. Kijana akianza dawa, siku za kwanza shingo inaweza kukaza upande mmoja, ulimi ukatoka, macho yakapanda juu, wenzake wakaomba mchungaji aje. Ao hawezi kutulia, anatembea huku na huku, anasimama anakaa, ukadhani wazimu umezidi na mtu akaongeza dozi, kumbe ni dawa yenyewe. Wewe huandiki dawa wala hubadilishi, lakini wewe ndiye umekaa naye dakika arobaini na tano ukamuangalia. Andika, mwambie infirmie ao daktari, andika na saa uliyomwambia.

Maneno

Sasa turudi kwa yule papa na baba yake. Mtu wa Lubumbashi anaongea Kiswahili cha hapa, peve (karatasi rasmi ya mahojiano) inaandikwa kwa Kifaransa, raporo inaandikwa kwa Kifaransa, na katikati uko wewe. Kila kitu kinapita mkononi mwako. Ukikosea neno hakuna atakayelikosoa, sababu hakimu hakuwa pale.

Mimi daftari langu nalichora nguzo tatu. Ya kwanza, maneno ya mtu kama alivyosema, kwa lugha aliyosema, bila kuyanyoosha. Ya pili, Kifaransa chake. Ya tatu, kile nilichoona: alinyamaza, alicheka, aliangalia mlango, mkono ulitetemeka. Tafsiri yangu siichanganyi na kauli yake hata siku moja.

"Moyo inaruka", "kichwa inawaka moto", "roho inauma", "mawazo inanimaliza". Hakuna hata moja kati ya hizi yenye jina moja la ugonjwa. Kila moja iulize: ilianza lini, iko wapi kwenye mwili, inakuja saa ngapi, inakaa muda gani, ikija unafanya nini, nyumbani kwenu kuna mwingine anaipata? Mama mmoja alikuwa anasema kichwa kinawaka moto, kila mtu aliandika maumivu ya kichwa na kumpa parasetamoli, nikamuuliza inawaka saa ngapi, akasema "wakati nasikia mulango ya selo inafungwa". Hapo hadithi nzima ilifunguka.

Neno "bazimu" usilitafsiri kabisa. Kwa mmoja ni roho za wazee waliotangulia, kwa mwingine ni ukichaa, kwa wa tatu ni pepo lililotumwa na jirani. Liache kama lilivyo kwenye raporo, halafu eleza yeye amelieleza vipi. Na bulozi hivyohivyo. Mtu akisema aliua kwa sababu yule alikuwa mulozi, kuamini bulozi peke yake si ugonjwa, mtaa mzima unaweza kuamini. Kinachopaswa kuulizwa ni: nani mwingine aliamini hivyo? alijuaje? alianza kuamini lini, na maisha yake mengine yalikuwaje wakati huo? Kama familia yenyewe inasema "huyu alianza kusema vitu vyenye hatuelewi, alikuwa anaona ishara kwenye redio", hiyo ni kitu kingine kabisa.

Halafu kuna lugha ya ndani zaidi. Mtu anaelezea wizi kwa Kiswahili vizuri, lakini ukifika kwenye kifo cha mtoto wake anarudi kwenye Kibemba, Kiluba, Kisanga, Tshiluba. Mwache arudi. Kama huelewi, tafuta mkalimani, lakini asiwe mfungwa mwenzake, asiwe polisi, asiwe ndugu wa upande wowote wa kesi, na jina la lugha na uwepo wa mkalimani uviandike.

Kuhusu "anajifanya": hilo neno lisionekane kwenye daftari lako. Kuna watu wanajifanya, ni kweli, wamesikia kwamba mtu asiye na akili siku ya tendo hahukumiwi kama wengine. Lakini si wewe wa kumkamata. Muone zaidi ya mara moja, saa tofauti, akiwa na wewe na akiwa uwanjani na wenzake, na andika ulichoona: "saa nne alisema hajui jina lake, saa sita aliitwa jina lake kwenye foleni ya chakula akaitika." Inatosha. Mwanasaikolojia atajua cha kufanya nayo. Na wapo wengi wanaofanya kinyume, wagonjwa kweli wanaficha, sababu wanaogopa kuitwa vichaa kuliko wanavyoogopa miaka kumi.

Vipimo vya karatasi

Nitapita haraka. PHQ-9 ya huzuni ina maswali tisa, kila moja kuanzia 0 hadi 3, jumla haizidi 27. PCL-5 ya mshtuko ina maswali 20, jumla 80. Ni rahisi kutoa, na hapo ndipo hatari, mtu anatoa namba na namba inaonekana kama ukweli. Gerezani maswali ya usingizi na hamu ya kula yanapanda kwa kila mtu, hata mwenye afya. Soma kwa sauti hata kwa mtu anayejua kusoma, tumia tafsiri ambayo timu imekubaliana, si ile unayobuni hapohapo, sababu ukibuni leo hivi na kesho vile hulinganishi kitu. Swali la tisa la PHQ-9, lile la kufikiria kifo, hata akijibu 1 usiendelee kwenye karatasi nyingine, simama hapo uongee naye.

HCR-20 utaisikia sana, ina vipengele 20: kumi vya historia ya mtu, vitano vya hali yake ya sasa, vitano vya mbele. Ilitoka Kanada. Si mtihani wa kujumlisha alama, ni namna ya kupanga mawazo kuhusu hatari ya mtu kufanya vurugu tena, na anayeifanya awe amefundishwa. Asistanti anaweza kukusanya habari za historia. Zaidi ya hapo mwachie mkubwa.

Kujiua

Uliza wazi: "Unafikiriaka kujiua?" Kuuliza hakumpi mtu wazo, kunampa nafasi ya kupumua. Angalia sana siku za kwanza baada ya kufika, siku baada ya hukumu, na siku familia imekataa kuja. Akisema ndiyo, uliza namna gani, na nini, lini. Usimwache peke yake ukaenda kuandika. Mwambie infirmie, mwambie mwanasaikolojia, kwa mdomo, siku hiyo, kabla hujapanda taxi-bus. Karatasi inakuja baadaye.

Kwa upande wa waliotendewa

Hii kazi si ya watuhumiwa tu. Sheria 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 iliongeza artikle 14 ter: kwenye kesi ya ukatili wa kingono, magistra ao hakimu lazima aagize daktari na mwanasaikolojia, bila kungoja kuombwa, waangalie hali ya aliyetendewa, matunzo anayohitaji na uzito wa madhara. Watu wengi hawajui hii, hata walio ndani ya mambo. Ukiona dosye ina karatasi ya daktari peke yake, mkumbushe mkubwa wako, kwa heshima na kwa barua. Sheria hiyo pia inataka uchunguzi wa mwanzo uishe ndani ya mwezi mmoja, na kesi mpaka hukumu ndani ya miezi mitatu. Kwa hiyo raporo yako ikikaa mezani wiki sita, wewe ndiye umemchelewesha yule mama.

Lakini kama amekuja leo na jambo limetokea jana, mahojiano yangoje. Hospitali kwanza: dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inaanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora zaidi, na ya kuzuia mimba ndani ya siku tano. Mambo ya mahakama yatamkuta akiwa ametunzwa.

Usimrudishe kwenye hadithi yote kama ameshaielezea kwa OPJ (polisi wa upelelezi) na kwa daktari. Omba kopi, soma, kisha muulize tu kinachokosekana na kinachomhusu leo: usingizi, mwili, watoto, mume amesema nini, mtaani wanamuitaje. Anayo haki ya kuomba kesi isikilizwe milango ikiwa imefungwa, mwambie, sababu wengi wanaacha kesi kwa kuogopa umati wa tribunali. Na asipolia usiandike kwamba hakuumia. Wapo wanaosimulia kama wanasoma orodha ya sokoni, ni namna ya kubaki wamesimama.

Mambo ya watoto sitayasema yote, yanahitaji maandishi yake. Jua tu kwamba kwa sheria 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, mtoto chini ya miaka 14 hawajibiki kwa kosa la jinai, na wa 14 mpaka 18 ana tribunali yake ya watoto. Kwa hiyo umri ni swali la kwanza: karatasi ya kuzaliwa, kadi ya chanjo, mwaka aliofanya darasa la sita. Na ukiletewa mtoto anayeitwa mulozi, kumbuka katiba yenyewe, artikle 41, inakataza kumshtaki mtoto bulozi. Huyo mtoto mbele yako ni aliyetendewa.

Wewe pia

Mwaka wangu wa pili nilifika mahali nikishuka Katuba jioni siwezi kusalimia watoto wangu, napita moja kwa moja chumbani. Sikumwambia mtu, nilifikiri ni uchovu wa barabara. Msimamizi wangu ndiye aliona, kwenye daftari, kwamba nguzo yangu ya tatu ilikuwa tupu wiki nzima, nilikuwa naandika maneno tu siangalii tena watu. Tangu hapo kila Ijumaa tunakaa nusu saa, hatuongei dosye, tunaongea nini kimenibakia. Dai hiyo nusu saa unapoingia kazini, kabla ya kudai primu. Majina usipeleke nyumbani, hata kwa mume ao mke, Lubumbashi ni kubwa lakini kila mtu ana shemeji.

Kabla karatasi haijatoka

Juu ya kila maandishi weka tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, nani alikuwepo, lugha gani. Kisha fanya kile ambacho wengi wanaruka kwa kusema hakuna muda: mrudie yule mtu, msomee maneno yake kwa Kiswahili, yale ya nguzo ya kwanza, taratibu. Wiki iliyopita nilimsomea kijana mmoja: "ulisema ulikuwa na hasira sana". Akatikisa kichwa. "Yaya, sikusema hasira. Nilisema moyo ilikuwa imeungua." Nikamuuliza tofauti ni nini. Akanielezea dakika ishirini, mambo ya mdogo wake aliyekufa ambayo hayakuwa popote kwenye dosye. Nikakata lile neno kwa mstari mmoja ili lisomeke, nikaandika lake juu, nikaweka tarehe na saa pembeni, nikampelekea mwanasaikolojia kabla ya saa kumi.